Gari la Babu na Nati ya Nane

Muhula uliopita nilipowaambia wenzangu wa Kidato cha Tatu kwamba kwetu kuna gari la mashindano, walicheka hadi machozi yakawatoka. "Kwenu wapi? Kulesa? Kulesa ile ya maembe na mafuriko?" Naam, Kulesa hiyo hiyo, karibu na Garsen. Sikuwajibu siku ile. Nawajibu leo, kwenye jarida letu, na wale waliocheka zaidi wanajijua.

Gari lenyewe ni Datsun 240Z. Lina milango miwili, viti viwili, na boneti ndefu kama mdomo wa mamba. Limekaa chini mno. Kimo chake ni kama sentimita 128 tu, kwa hiyo mtu mzima akisimama kando yake paa linamfika kifuani. Ndani ya ile boneti mna injini ya lita 2.4 yenye silinda sita zilizopangwa foleni moja, na kabureta mbili ubavuni. Wajapani walilitoa mwaka 1969, na halikuchukua muda kuwa mfalme wa barabara zetu. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na msoma ramani wake, Hans Schüller, walishinda East African Safari kwa gari la namna hii, na wa pili akawa Shekhar Mehta, naye kwa 240Z vilevile. Mwaka 1973 zamu ikawa ya Mehta mwenyewe, na Lofty Drews kando yake, baada ya kufungana pointi na Harry Källström aliyekuwa ndani ya Datsun ya aina nyingine. Haya nayajua kama ninavyojua ngeli, kwa sababu Babu aliyakariri mbele yangu tangu sijaota meno ya utu uzima.

Babu, baba yake mama, alikuwa kijana wa miaka 20 mwaka huo wa 1971. Alikuwa Mombasa akijifunza umakanika. Gari hili lake si lile lililoshinda, tuelewane. Hili alilinunua mwaka 1984 kwa bei ya skrepa. Ubavu mmoja ulikuwa umebonyea, na injini ilikuwa imetolewa, imewekwa kando chini ya gunia. Alilijenga jioni baada ya kazi kwa miaka minne. Alipostaafu mwaka 2006 alikuja nalo nyumbani akalitia chini ya mwembe, na kuku wakajua pa kujikinga jua.

Mto Tana ulipofurika Novemba 2023, maji yaliingia uani usiku. Babu na wajomba zangu walilipandisha gari kwa jeki, tofali juu ya tofali, mpaka maji yakapita chini ya tumbo lake. Gari likapona. Ukuta wa chumba cha Bibi haukupona. Bibi hajalisahau hilo hata kidogo. Akigombana na Babu husema, "Ukuta wangu ulilala, gari lako likasimama," kisha Babu hana la kujibu.

Basi mwaka 2025 Babu akaamua kuuza. Alipatikana mnunuzi wa Mombasa anayetayarisha magari ya zamani kwa ajili ya Safari Classic, yale mashindano ya magari ya kale yaliyoanza 2003. Alitoa sharti moja: gari liwake na litembee. Likiwaka, bei nzuri. Lisipowaka, atalipa bei ya vyuma. Tofauti ya bei hizo mbili ilikuwa ukuta wa Bibi, paa lake, na karo yangu ya bweni ya muhula wa tatu.

Babu naye akatoa sharti lake. Lori la mnunuzi lingengoja Minjila, pale njia ya Lamu inapochepuka. "Nitalipeleka mwenyewe mpaka Minjila," alisema. "Sitaki livutwe kwa kamba kama punda mfu. Nililitoa gereji nikiliendesha, litaondoka mkononi mwangu nikiliendesha."

Maneno matamu hayo. Ila Babu hakuwa ameingia ndani ya gari lile kwa miaka mitano, na goti lake la kulia siku hizi halikunjiki zaidi ya nusu. Gari halijabadilika hata sentimita moja. Ni Babu aliyebadilika.

Likizo ya Agosti ilipofika nilimkuta Mjomba amekwisha kuja kutoka Garsen na sanduku lake la spana. Mjomba ni fundi wa Probox na bodaboda, na alilitazama lile gari kama daktari wa mifugo aliyeletewa twiga. Siku ya kwanza hatukugusa injini. Tulimtia Babu garini ili tuone.

Lo! Nisingependa adui yangu aone kitendo kile. Aliingiza mguu wa kushoto, akaketi kwa kishindo, halafu mguu wa kulia ukabaki nje kama kasia. Kila alipojaribu kuuvuta ndani, paja lilikwama kwenye usukani na goti likagonga ukingo wa mlango. Mjomba akamshika mguu, mimi nikamshika bega, Bibi akashika kiuno chake mwenyewe kwa kicheko. Mwishowe tulimtoa, na kumtoa kulikuwa kazi kuliko kumwingiza, maana kiti kiko chini kama mkeka.

Mjomba akasema, "Tuinue kiti, Baba. Vipande vya mbao chini, kwisha." Tukainua kwa mbao ya unene wa vidole viwili. Kutoka kukawa rahisi kidogo, lakini sasa usukani ukambana mapaja mawili badala ya moja, na kofia yake ikagusa paa. Tukatoa mbao. Mjomba akapendekeza usukani mdogo wa gari jingine. Ule wa Probox haukuingia hata kwa matusi, maana meno ya fimbo ya usukani hayakulingana.

Mimi nilikuwa nimeketi kwenye debe nikitazama, na ndipo nikasema jambo ambalo hata leo sijui lilitoka wapi. "Kwa nini tusikirudishe nyuma? Nyuma kuna nafasi." Mjomba akanijibu kwamba kiti kimefika mwisho wa reli zake. Nikamwambia sisemi reli, nasema kiti na reli zake zote. Babu akanitazama. "Mke wangu ana akili," akasema. (Walimu msishtuke. Kwetu babu humwita mjukuu wake wa kike mke, ni utani wa tangu enzi.)

Mjomba akaenda Garsen kwa bodaboda akarudi na mapande mawili ya bapa la chuma, kila pande na matundu manne. Matundu mawili ni ya bolti zinazoingia sakafuni mahali pale pale pa zamani, na mawili ya kushika reli, sentimita tano nyuma zaidi. Gari halikutobolewa popote. Hilo Babu alilikazania sana, kwamba anayekuja baada yako akitaka kulirudisha kama lilivyokuwa, asikute umemharibia.

Tatizo likawa kuzifikia bolti zenyewe. Zile za nyuma unazipata ukisukuma kiti mbele, na zile za mbele ukikirudisha nyuma, hayo mepesi. Lakini ile ya ndani, upande wa kile kituta cha katikati kinachofunika giyaboksi, imekaa kwenye pembe ambayo spana inaingia ila haizunguki. Ukiigeuza inagonga kituta, ukiigeuza huku inagonga reli. Mkono wa Mjomba haukufika kabisa. Wangu ulifika, lakini spana ilikuwa ndefu. Babu hakusema neno. Alichukua spana yake ya zamani, akaitia kwenye jiliwa, akaikata katikati kwa msumeno wa chuma, akasugua ncha kwa tupa ili isinikate kiganja, akanipa. Ilikuwa fupi kama kidole changu cha kati. Kwa spana ile niliigeuza bolti robo ya robo ya mzunguko, nikatoa, nikageuza tena, saa nzima, nimelala chali na miguu nje ya mlango, na kuku mmoja amenisimamia juu ya tumbo.

Hapo kiti kikakaa. Paja likapita chini ya usukani. Ili mguu ule uingie bila kukunjika, Babu alipaswa aketi ametazama nje, kisha ageuke na makalio yake yote kwa pamoja. Kitambaa cha kiti kikamng'ang'ania suruali. Dawa yake aliitoa Bibi, yule yule aliyekuwa akicheka. Alileta kipande cha turubai la nailoni lililobaki tangu mafuriko, akalikunja mara mbili, akaliweka juu ya kiti, upande laini kwa upande laini. Babu akaketi, akazungushwa kama mtungi juu ya kata, akatazama mbele. Kwa kutokea, Mjomba alifunga kitanzi cha mkanda wa kiti wa gari bovu pale juu nyuma ya bega, panapofungwa mkanda, Babu akapata pa kushika na kujivuta. Mipira mipya ya milango ilikuwa minene mno mlango ukagoma kufungika, tukaipunguza kwa wembe. Hiyo ilikuwa kazi ya nusu saa na haina hadithi.

Sasa injini. Wale Wajapani waliliwazia gari lile, jamani. Pande zote mbili karibu na kioo cha mbele kuna vifuniko vidogo vyenye bawaba, ili ufikie betri na maji ya kioo bila kusumbuka. Nilivipenda sana vile vifuniko. Lakini ni kama mwenye nyumba aliyepamba sebule akasahau jikoni, kwa sababu kabureta zote mbili amezipanga juu kabisa ya bomba la moshi, upande ule ule. Kule Japani kwenye baridi labda ni sawa. Kwetu Tana mwezi wa Agosti petroli inachemka ndani ya kabureta kama chai, na gari linazimika katikati ya njia. Mjomba alikata kinga ya joto kutoka kwenye debe la mafuta ya kupikia, ili isimame kati ya bomba la moshi na kabureta. Babu akaongeza vibanio vya nguo vya mbao kwenye mrija wa petroli, saba kwa hesabu, akiapa kwamba mbao hunyonya joto. Mjomba aligeuka kando akacheka kimya kimya. Mimi naona vibanio vile havikufanya lolote, ila sikusema, na Bibi alivitafuta siku mbili.

Ili kuitia kinga ile, kabureta zilibidi zitoke. Kila moja imeshikwa kwa nati nne, za spana ya 12, jumla nane. Nati za juu mtoto yeyote atazifungua. Za chini zimejificha, huzioni, wazitafuta kwa ncha za vidole kama mtu anayetafuta sindano gizani. Hapo ndipo mikono yangu midogo ikawa mali. Babu alinifundisha kupaka grisi kwenye kidole ili nati igande, na kusokota kijikaratasi ndani ya sokiti ili nati ibanwe isidondoke ukiipeleka mahali pasipoonekana. Karatasi niliichana kwenye daftari la Kemia. Mwalimu wa Kemia akisoma hapa anisamehe. Tena akanifundisha jambo moja kwa kulirudia mara tatu: tundu la kuingizia hewa likiwa wazi, tia kitambaa, na usikitoe mpaka kabureta iko mkononi tayari kukaa.

Ilikuwa Alhamisi jioni. Lori lingekuja Minjila Ijumaa saa nne asubuhi. Kabureta ya mbele ilikuwa imekwisha kufungwa, Mjomba akaenda kuoga mtoni, Babu akaingia ndani kunyosha goti. "Malizia hiyo ya nyuma," aliniambia, "mimi na wewe ni fundi mmoja sasa." Wasomaji wenzangu, nilivimba kichwa. Nilitoa kitambaa ili nilikague tundu, nikaona gasketi haijakaa sawa, nikainyoosha. Nati nilikuwa nimeziweka juu ya bomba pale pale, kwa uvivu wa kunyosha mkono hadi kwenye kifuniko cha kopo. Kiwiko kikagusa.

Ting.

Kisha kimya.

Nilitazama chini ya gari. Nilifagia mchanga kwa viganja. Nilihesabu zilizobaki, moja, mbili, tatu. Nikahesabu tena kama kwamba kuhesabu kungeizaa ya nne. Moyo ulikuwa ukinidunda mithili ya ngoma, maana nilijua ilikokwenda. Ilikuwa imeingia ndani ya tundu, na tundu lile laelekea kwenye vali, na baada ya vali ni silinda. Injini ikiwashwa itaivuta ile nati kama mtu anavyovuta pumzi, na chuma kitakutana na chuma.

Nitasema nilichofanya bila kukipamba. Kwenye kopo kulikuwa na nati za akiba. Nilichukua moja, nikaifunga kabureta kwa nati nne, nikafunga boneti, nikanawa mikono kwa mafuta ya taa na sabuni. Bibi aliniuliza, "Mmemaliza?" Nikamjibu, "Tumemaliza." Nikala ugali na samaki. Mjomba akanisifu mbele ya wote. Nikalala.

Uongo huo, nilale wapi! Nilikuwa macho nikisikiliza vyura. Nilijiambia huenda nati iliangukia mchangani nami sikuiona. Nilijiambia huenda ikikaa mahali fulani haitafika kwenye vali, lori litakuja, pesa zitatoka, na kitakachotokea Mombasa kitatokea Mombasa. Hilo la mwisho nililifikiri kabisa, kwa maneno hayo hayo, na nikaona aibu gizani mahali ambapo hapana mtu wa kuniona. Halafu nikamfikiria Babu ameketi juu ya turubai, amegeuzwa, mkono kwenye ufunguo.

Saa tisa usiku nilimgonga mlangoni. Nilikuwa nimejitayarishia hotuba, lakini iliyotoka ni, "Babu, nati imeingia." Alinyamaza kidogo. Nilingoja nipigwe au nilaaniwe. Akauliza, "Kabureta ya nyuma?" Nikasema ndiyo. "Umewasha?" Hapana. "Basi bado ni nati tu. Lete tochi."

Akamwamsha Mjomba. Mjomba hakuwa mpole kama yeye, na maneno aliyoyasema hayafai kuchapishwa kwenye jarida la shule. Alikuwa na haki. Ikibidi kutoa bomba zima la kuingizia hewa, gasketi yake ingepasuka, na gasketi ya 240Z huipati Garsen, huipati Malindi, pengine na Mombasa uagize.

Tulifungua kabureta tena. Babu akamulika. Tundu linanyooka kidogo kisha linapinda, na nati ilikuwa pale kwenye kona, inang'aa kama jicho la paka. Mjomba akatia waya wenye grisi nchani. Uliigusa, ukaisukuma mbele kidogo. Akajaribu tena, ikaenda mbele zaidi, sasa ikaonekana ukingo tu. "Acha!" Babu akasema. "Ukiigusa tena tunaipoteza."

Tukakaa kimya watu watatu kuzunguka shimo dogo kama wavuvi. Ndipo Babu akaniuliza, "Redio yangu ile mbovu iko wapi?" Nilidhani uzee umempanda. Aliipasua, akatoa spika, akaibandua ile sumaku ya mviringo iliyo nyuma yake. Sumaku ilikuwa pana, haikuweza kuingia tunduni. Akamtuma Mjomba ang'oe spoki kwenye baiskeli kuukuu. Spoki ile ilikuwa ya chuma. Ukibandika upande mmoja kwenye sumaku, ncha ya pili nayo inakuwa sumaku, dhaifu lakini inatosha kubeba nati. Fizikia hiyo tuliifanya Kidato cha Pili, nikaijibu vizuri kwenye mtihani, na haikunijia kichwani usiku ule hata kidogo. Na bahati nyingine: bomba lile la hewa ni la alumini. Lingekuwa la chuma, spoki ingeng'ang'ania ukutani kabla ya kufika.

Babu aliipinda spoki kwa kufuata kona, akaniwekea mkononi pamoja na sumaku. Nikamwambia, "Afanye Mjomba." Akasema, "Mkono wa Mjomba hauingii. Na aliyeipoteza anajua mlio wake."

Mara ya kwanza nilisikia tik, nikavuta, ikadondoka kwenye kona. Mara ya pili ilikuja mpaka mdomoni, nikaiona kabisa, ikagonga ukingo ikarudi. Nililia, sioni haya kusema. Babu alichukua spoki akapinda ncha yake kidogo tu, kama ndoana, ili nati isimame badala ya kuning'inia. Mara ya tatu nilivuta polepole kwa muda wa kusema Baba Yetu mara mbili, na Mjomba akaidaka kwa kidole chake chenye grisi ikiwa bado haijavuka ukingo. Jogoo wa jirani akawika. Sikutia chumvi hapo. Aliwika kweli, na Mjomba akamwambia anyamaze.

Babu aliihesabu: moja, mbili, tatu, na hii. "Nane," akasema. Ile ya akiba akairudisha kwenye kopo.

Saa mbili asubuhi injini iliwaka, ikapiga chafya mara mbili, kisha ikatulia ikiunguruma sauti ambayo nyinyi wa matatu hamuijui. Watoto wa Kulesa wakaja mbio. Babu aliketi, akazunguka juu ya turubai, akaingiza mguu, mlango ukafungwa. Mimi nikaketi kushoto kwake kama Lofty Drews, na sumaku mfukoni. Njia ya vumbi tulikwenda taratibu kwa kuogopa mawe, maana tumbo la gari liko karibu na ardhi. Tulisimamishwa na mbuzi. Tulisimamishwa na mzee mmoja aliyetaka kusalimia tu. Kabla ya kufika lami injini ilizimika, petroli imechemka licha ya debe na vibanio saba, nikashuka nikaufunika mrija kwa leso iliyoloweshwa maji mpaka ukapoa. Kwenye lami Babu aliniambia, "Shika," akakanyaga. Sitasema mwendo ulikuwa kiasi gani kwa sababu polisi nao wana watoto shuleni hapa. Alikuwa akitabasamu upande mmoja wa mdomo, na mkono wake wa kushoto ulihama kwenye giya bila yeye kuutazama.

Minjila lori lilikuwa limefika. Babu akashika kitanzi, akajivuta, akasimama mwenyewe bila kushikwa na mtu. Mnunuzi alisikiliza injini, akatazama chini, akatazama ndani, akatoa pesa kama alivyoahidi. Kisha dereva wake akaingia ili alipandishe gari loriini. Alikuwa mtu mfupi, mfupi hasa. Akanyosha mguu, klachi haikufika. Akasogea ukingoni mwa kiti, ikafika kwa ncha ya kiatu. Alivuta kiti mbele mpaka mwisho wa reli na bado.

"Kiti hiki kina nini?" aliuliza.

"Kina goti langu," Babu akamjibu.

Ikabidi mapande yale yatolewe pale pale kando ya barabara. Dereva alikuwa na sanduku zima la spana zinazometameta, na hakuna hata moja iliyozunguka kwenye bolti ya ndani. Babu hakusema kitu, alinitazama tu. Nikaitoa ile fupi kwenye soksi, nikalala chali, miguu nje, malori ya Lamu yakipita.

Tulirudi Kulesa kwa bodaboda mbili, Mjomba na pesa kwenye moja, mimi na Babu kwenye nyingine. Mguu wake mbovu ulinyoka kando, na yale mapande mawili ya bapa aliyapakata mapajani njia nzima. Nilimuuliza atayafanyia nini. Akasema bado hajui, lakini matundu yake yamepigwa vizuri.